Hatua Nne Ndani ya Isale

Habari iliyovuruga asubuhi ile ilitoka Ulaya, lakini iliingia Mwika, huku mlimani, kwa mdomo wa Hosea, na habari ikishapita mdomoni mwa Hosea hata aliyeizaa hawezi kuitambua. Ndiyo maana kijiwe kizima kinamwita Redio. Alipanda kutoka ofisi ya chama cha msingi cha wakulima, koti begani na simu mkononi, na kabla hajamsalimu mtu akatangaza:

"Ulaya imewataja wezi wa mashamba! Wawili ni wa hapa hapa kwetu!"

Elisaria, aliyekuwa akipuliza bakuli lake la mtori wa ndizi, aliacha kupuliza.

Huyu Elisaria ndiye wanayemwita Katiba. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na miwili, na alipostaafu aliondoka na sheria zote kichwani. Kijiweni huwezi kusema jambo bila yeye kukuuliza umelitoa kifungu gani. Ukisema mvua itanyesha, atataka shahidi. Lakini asubuhi hiyo hakuuliza kitu. Aliinama juu ya bakuli akaanza kutafuta kipande cha nyama ambacho alijua fika ameshakila.

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili mbele ya kibanda cha Mama Kindness, nyuma ya soko. Wakulima wa kahawa watupu wanakaa hapo, na hakuna hata mmoja anayekunywa kahawa. Ni chai ya maziwa na mtori tu. Kahawa ni ya kuuzia watu, ukiinywa mwenyewe watasema umeanza kuharibikiwa.

"Hosea, salamu kwanza," alisema Mama Kindness, upawa mkononi. "Hapa si stesheni."

"Shimbonyi, jamani. Haya. Mnajua Ulaya wamesema hawataki tena kahawa iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa?"

"Tunajua," alidakia Jackson. "Ndiyo sababu tulizungushwa na simu mashambani mwezi wa saba." Jackson anaitwa Kilele. Amewabebea watalii mizigo mlimani mara mia mbili, kwa hesabu yake mwenyewe ambayo hupanda kila mwaka, na anaamini kwamba ukishambebea mtu begi lake unamjua kuliko mama yake. "Mzungu bila ramani haendi hata chooni. Mimi nawajua hao."

"Basi ramani imerudi," Redio akasema. "Mashamba yote ya chama yametoka kijani. Mawili tu yametoka mekundu."

"Mekundu kwa kosa gani?"

"Yamelaliana. Moja limepanda juu ya mwenzake."

"Mchana hivi hivi?" Mama Kindness akauliza, na benchi likatingishika kwa kicheko.

"Msicheke! Karani Daniel amebandika tangazo. Anafunga orodha Ijumaa. Wenye hayo mashamba wasipopatana, kahawa yao haipandi lori la Ulaya. Itabaki kwenye magunia, mlanguzi aje aichukue kwa bei ya kutupa."

"Majina?"

"Nimepiga picha, ila imetoka na giza. Ngoja niivute." Redio aliisogeza simu hadi ikamgusa pua. "Mimi nadhani ni satelaiti. Vita vya huko vimezichanganya. Kama meli zimeikimbia Bahari ya Shamu, zinazunguka Afrika nzima, satelaiti nayo itapita wapi?"

"Hapo umenena!" Elisaria aliinua kichwa kwa ghafla, ukoko wa mtori kwenye masharubu. "Umenena kabisa, Hosea. Chombo kiko juu angani, kinatikiswa na mabomu. Kitajuaje mpaka wa mtu? Hatua tatu, hatua nne, ni jambo la kawaida kitaalamu."

Kilele alimgeukia taratibu.

"Shikamoo, Mzee Katiba."

"Marahaba. Si umeshaniamkia asubuhi?"

"Nakuamkia upya, maana sikujui. Tangu nizaliwe sijasikia ukimwambia Redio amenena. Na hizo hatua nne umezitoa wapi? Redio hajataja hatua."

"Nimetoa mfano!"

"Jina la kwanza nimelipata!" Redio akapaza sauti. "Ni Jesse. Jesse wa hapa chini, aliyeko Ujerumani. Na aliyelaliwa... hapana, aliyemlalia..." Aliangalia simu, akamwangalia Elisaria, akaangalia simu tena. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, Redio alikatika matangazo.

"Soma," Mama Kindness akamwambia.

"Mama, betri yangu..."

"Soma, Hosea."

"Elisaria," Redio akasema kwa sauti ndogo.

Hapo benchi lililipuka.

"Katiba! Mdogo wako wa tumbo moja!"

"Kaka mtu!"

"Na yeye ndiye aliyeniambia kuku wangu akivuka kwake ni kosa la jinai!"

"Alimfungulia kuku wangu jalada!"

"Acheni!" Elisaria alisimama, bakuli likamwagika. "Acheni kabisa! Hao Wazungu sheria yao wenyewe ya msitu wameisogeza mbele, wakaisogeza tena, na dunia nzima imekaa kimya. Mimi nimesogea hatua nne tu, nne, mnaniita mwizi!"

Mama Kindness aliweka upawa chini.

"Haya," Kilele akasema polepole. "Shahidi tumempata. Amejishuhudia mwenyewe."

Elisaria aliketi. Hapakuwa na pa kukimbilia, na magoti yake hayakuwa ya kukimbia. Angekuwa bado mahakamani angemwambia mshtakiwa wa namna hii kwamba mdomo wake ndio umemfunga.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, naye alilijua vizuri kuliko ramani yoyote. Baba yao alipogawa kihamba, shamba la ukoo, alifuata mila: mkubwa akapewa upande wa juu, na Jesse, kitinda mimba, akabaki na nyumba ya baba na shamba linaloizunguka. Katikati yakapandwa masale, isale likiwa moja, yale majani marefu ambayo kila Mchagga anajua ni mpaka, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeyachezea. Ila mpaka ule uliacha upande wa Jesse mibuni kumi na mmoja, karibu na mfongo, mfereji wa maji. Mibuni hiyo Elisaria aliipanda na baba yake akiwa na miaka kumi na miwili. Mfongo ulipokauka mwaka ule wa njaa, alibeba maji ya kuinyweshea kwa debe kichwani, asubuhi na jioni, hadi nywele za utosini zikanyonyoka. Jesse alikuwa hajazaliwa, hata hajafikiriwa.

Jesse alipopata kazi Ujerumani ya kutunza wazee, Elisaria alimwomba mibuni ile. Jesse alikuwa na mabegi mlangoni na gari linapiga honi. Akajibu kwa mkato kwamba mpaka wa baba haugawiwi kama karanga. Naye Elisaria akamwambia neno ambalo tangu siku ile linamwasha kuliko upupu: "Basi nenda kawaogeshe wazee wa wenzako, mimi mzee wako niache." Mwaka wa tatu sasa hawajapigiana simu.

Mwezi wa saba Daniel alipokuja na simu ya kupimia, alichoka njiani. "Mzee, wewe ni mtu wa sheria," alisema, "jizungushe mwenyewe, mimi nakuamini." Elisaria alitembea wima kama askari mpaka alipofika kwenye masale. Hapakuwa na mtu. Akawaza kwamba simu haijui isale ni nini. Akaingia hatua nne, akaizunguka mibuni yote kumi na mmoja, akatoka. Kesho yake Magreth, mke wa Jesse, alipewa simu ile ile. Yeye alipita pale pale mpaka ulipo.

"Lakini nilifikiri," Elisaria aliwaambia, akiangalia mtori uliomwagika, "haitajulikana."

"Haitajulikana!" Redio alirudi hewani. "Ulaya wanaona mpaka soksi uliyovaa!"

"Kumradhi, wazee. Shikamooni."

Wote waligeuka. Magreth alikuwa amesimama pembeni ya kibanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, jasho likimtiririka. Amesikia kiasi gani, hakuna aliyejua.

"Marahaba," waliitikia kwa pamoja, kama wanafunzi.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba, Magreth."

"Daniel amenipigia. Anasema mashamba yetu yamegongana huko kwenye kompyuta." Alirekebisha mzigo kwa mkono mmoja. "Nimemwambia labda ni mimi niliyekosea, maana hizo simu mimi sizijui. Nateremka sasa hivi nimwambie alifute langu, ili lako lipite. Kahawa isiozee kwetu sote wawili."

Elisaria alifungua mdomo. Maneno yote ya mahakamani, pingamizi na rufaa na maombi madogo, yalikuwa yamemkimbia. Magreth alingoja kidogo, kwa heshima, kisha akaaga akashika njia ya kuteremka.

"Mzee Elisaria," Mama Kindness alisema alipoona mgongo wake umefika kwenye kona, "huyo mwanamke amekuvisha nguo mbele za watu. Sasa ukiivua tena, umevua mwenyewe."

"Ameichuma kahawa ile peke yake," Kilele akaongeza. "Mimi nilimwona, mpaka kwa taa ya simu. Halafu alifute shamba?"

"Mnataka nifanye nini?"

"Unajua."

Alijua. Kila mtu pale alijua. Ukimkosea mtu, unakata isale unampelekea, na aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemuulia ng'ombe. Ndivyo watu wa mlimani walivyopatana tangu zamani, kabla ya mahakama na makarani wake.

"Kifungu hakiruhusu," Elisaria alianza. "Mkubwa hampelekei mdogo."

"Kifungu gani?" Mama Kindness akauliza.

Elisaria akapangusa mtori kwenye masharubu.

"Nimekuuliza wewe, Katiba. Kifungu gani?"

"Halafu mwenye mpaka ni Jesse. Magreth sikumkosea yeye. Isale lazima lifike mkononi mwa Jesse, na Jesse yuko Ujerumani."

"Apande ndege aje alichukue," Redio akasema.

"Hawezi. Magreth anasema kibali chake kiko mezani kwa mtu huko, kinangoja kusainiwa. Akitoka leo hajui kama watamrudisha ndani. Krismasi ya tatu inakuja hajapanda nyumbani."

Mchagga kukosa Krismasi moja nyumbani ni msiba mdogo. Kukosa tatu, watu huanza kukutaja kwa wakati uliopita.

"Basi tulitume isale kwa basi la mizigo mpaka Dar, lipande ndege," Redio alisema.

"Braza, huwajui," Kilele akamkatiza. "Mmea hauingii Ulaya hivi hivi. Mimi nimeona mgeni kanyang'anywa ndizi uwanja wa ndege, ndizi moja, ameshaimenya! Isale watalifunga jela. Mzee, tuma kwa WhatsApp."

"Nini?"

"Piga picha umelishika, tuma."

"Hakuna isale la kwenye simu!" Katiba alifufuka. "Isale ni mkono kwa mkono! Lina umande, lina harufu! Leo mtatuma isale kwa simu, kesho mtatuma ubatizo!"

"Mahari ya binti wa Mzee wa Kanisa ilitumwa kwa simu," Redio alisema, "na yule mtoto waliyemzaa yuko darasa la kwanza. Ukamwambie kwamba hayupo."

"Mazishi ya shangazi yangu tuliyaangalia kwenye simu," Kilele akasema. "Na tulilia kweli. Mtandao ulipokatika tukangoja, uliporudi tukaendelea kulia."

"Hayo ni mengine."

"Mzee Elisaria." Mama Kindness alikuwa anafuta mikono kwa khanga, na alisema bila kupaza sauti. "Ulimkosea kwa simu. Hiyo simu iliyoweza kukosea, itashindwaje kuomba msamaha?"

Katiba akachukua kofia yake.

Kilele alikuwa ameshainuka na kisu, ameelekea kwenye ua wa masale nyuma ya kibanda.

"Wewe! Usikate hilo!" Redio akapiga kelele. "Huo ni mpaka wa Usharika! Utampatanisha Jesse na mchungaji!"

"Litakatwa langu," Elisaria alisema. "Lile nililolivuka."

Mama Kindness alifunika sufuria, akageuza benchi juu chini kuonyesha kwamba amefunga, na wote wanne wakashuka njia ya migombani. Katika miaka kumi na tano ya kibanda hicho, hiyo ilikuwa mara ya pili kufungwa kabla ya mchana. Mara ya kwanza alikuwa anajifungua Kindness.

Elisaria alikata isale mwenyewe. Kilele akachukua uongozi wa picha, kwa kuwa ndiye aliyewapiga picha watalii kule juu.

"Mzee, inua jani. Tabasamu."

"Nitaombaje msamaha huku natabasamu?"

"Basi usikunje uso hivyo. Unaonekana umekamatwa na bangi."

"Nimesimama vizuri?"

"Umesimama kama picha ya kitambulisho. Legeza shingo. Redio, toka nyuma ya mgomba, sikio lako linaonekana!"

Picha ya tatu ndiyo iliyofaa. Kisha ikaja kazi ya maneno. Elisaria aliandika kwa kidole kimoja, muda mrefu, na Mama Kindness akasoma juu ya bega lake:

"'Kuhusu shauri la mpaka lililotajwa hapo juu, mimi muombaji...' Futa! Unamwandikia ndugu yako au unamwandikia hakimu?"

Alifuta. Akaandika tena. Akafuta. Mwisho akaandika maneno manne tu: Jesse, ni mimi. Nilivuka. Akafumba macho, akabonyeza.

Alama mbili zikaonekana. Zikageuka bluu.

"Ameona," Redio alinong'ona, kama anatangaza mpira wa penalti. "Anaandika... Ameacha. Anaandika tena... Ameacha."

"Hebu nyamaza, Hosea!"

Elisaria alihisi kiu. Ilimjia kwamba kama Jesse hatajibu, basi atakuwa amempoteza mara mbili, na mara hii mbele ya mashahidi watatu. Alikuwa anataka kuwaambia waondoke, akashindwa, maana alikuwa pia hataki kubaki peke yake.

Simu ikalia. Ilikuwa picha.

Ukumbi mpana wenye dirisha kubwa, na mvua kwenye kioo. Wazee watatu wa Kizungu wamekaa mezani na mablanketi magotini, vikombe mbele yao. Na pale dirishani, ndani ya chungu cheupe, limesimama isale. Isale kweli. Limekua mpaka limekaribia dari.

Kisha ikafuata sauti.

"Kaka, shikamoo. Hilo unaloliona dirishani nililikuta dukani mwaka wangu wa kwanza hapa. Wanaliuza pamoja na mkate na sabuni, lina karatasi inayosema linasafisha hewa ya nyumba. Nikalinunua nilipige picha nikutumie, kwa lile jibu nililokupa siku naondoka. Nikaogopa. Nikasema, kaka atauliza isale la dukani limetoka kifungu gani. Chumbani kwangu hakuna jua, nikaliweka huku kwa wazee. Likakua. Kila siku nalimwagilia maji, na kila siku nasema kesho nitatuma."

Elisaria alilia. Hakusingizia mafua wala mdudu. Alilia pale pale katikati ya migomba, kofia mkononi, na wenzake wakaangalia pembeni kama adabu inavyotaka. Kilele ndiye aliyeshindwa kuvumilia ukimya.

"Kwa hiyo," alisema, "hawa wanaotudai tuwaonyeshe mipaka yetu, wenyewe wanakunywa chai chini ya mpaka wetu?"

"Na isale limepata kibali cha kukaa kabla ya Jesse," Redio akasema, akajifuta jicho.

"Sasa sheria inasemaje, Katiba?" Mama Kindness aliuliza, safari hii kwa upole. "Masale mawili yamepishana njiani. Nani amsamehe mwenzake kwanza?"

Elisaria alipenga kamasi, akafikiri.

"Hakuna kifungu," alikiri.

Simu ikaita tena, na mara hii ilikuwa ya video. Uso wa Jesse ulijaa kwenye kioo, umenenepa mashavu, mvi mbili tatu zimeingia. Waliangaliana mpaka Redio akaona muda unapotea bure akasalimia yeye.

"Kaka," Jesse akasema, "nimesikia kwa Magreth kwamba Daniel anataka mpaka upitiwe upya, sivyo? Basi utembee sasa. Nishike hivyo hivyo mkononi, twende wote."

Wakaenda. Elisaria mbele, simu ameinua kifuani, na nyuma yake Kilele, Redio na Mama Kindness kwa mstari mmoja, maana njia ni nyembamba. Pale karibu na banda la ng'ombe walimkuta Magreth anatua mzigo. Alikuwa amerudi njiani, hakufika kwa Daniel.

"Magreth," Elisaria alimwambia, "wewe hukukosea popote. Ni mimi niliyevuka. Usifute kitu."

"Nilijua, shemeji," Magreth akajibu, akaungana nao.

Haukuwa mwendo wa kupima shamba. Daniel angeuona angekata tamaa. Kila baada ya hatua kumi Jesse alisema, simama hapo. Nionyeshe mfongo. Maji yapo? Yapo kidogo, siku hizi mvua haieleweki. Ule mti wa mruka bado upo? Ulianguka mwaka juzi. Mbuni ule una nini, mbona majani yana kutu? Ni ugonjwa, tumepulizia dawa. Ule mgomba wa nyuma ya jiko? Huu hapa. Geuza kidogo. Aa. Huo ndio.

Walipofika kwenye masale, Elisaria alisimama. Upande huu njia ya haki, upande ule mibuni kumi na mmoja, imezaa, matunda mekundu yameshonana kwenye matawi. Alipita upande wa haki. Alipita polepole, mguu kwa mguu, huku anaiangalia kama mtu anayeaga.

"Kaka."

"Naam."

"Mpaka uache alipouweka baba. Lakini hiyo kumi na mmoja uichume wewe, kila msimu, mpaka uchoke. Waandikie hivyo. Mimi sikubeba maji."

Mkono wa Elisaria ulishuka wenyewe, na Jesse huko aliko akawa anaona majani ya migomba tu, na matawi ya miti mikubwa juu yake, na vipande vya anga. Magreth akaushika mkono wa shemeji yake kwa chini, akauinua tena.

Hapo ndipo iliposikika sauti nyingine kwenye simu, sauti ya kizee, nzito, ikisema maneno marefu ya Kijerumani.

"Nani huyo?" Redio akauliza.

"Ni mzee wangu mmoja wa hapa," Jesse alisema. "Ana miaka tisini na mbili. Kumbe anaangalia muda wote huu hapa begani kwangu. Anasema katika maisha yake yote hajawahi kuona msitu mzuri kama huo."

"Msitu?" Elisaria aliipeleka simu mdomoni kwa mikono miwili. "Jesse! Mwambie si msitu, hapa hakuna msitu uliokatwa! Mwambie ni shamba! Ni shamba tangu babu wa babu yetu! Mwonyeshe ndizi! Mwambie hiyo miti ni kivuli cha kahawa, tumeipanda wenyewe! Hosea, inama uchume, aone watu wanachuma! Mama Kindness, usisimame kama mtalii! Magreth, mlete ng'ombe!"

Jesse alikuwa anacheka, kicheko cha Krismasi tatu kwa mpigo, hawezi kutafsiri neno hata moja, na yule mzee naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Redio alikuwa ameinama chini ya mbuni, anachuma mpaka mabichi. Magreth alikuwa ameshakwenda kumfungua ng'ombe.